"Lakini" ya Mama

Kaa kwenye benchi la kliniki ya mama na mtoto asubuhi yoyote, wakati foleni ya mizani haijaanza kusogea, usikilize. Mmoja atasema huu ni usiku wa tatu hajalala. Mwingine atasema mshono wa operesheni bado unamvuta akiinama. Wa tatu atasema mtoto ananyonya mpaka chuchu zimepasuka. Na kila mmoja, kabla ya kunyamaza, ataongeza kipande kingine: lakini namshukuru Mungu. Lakini akinichekea nasahau yote. Lakini wangapi wanamtafuta na hawampati?

Nasoma shahada ya uzamili katika fasihi, na mtu wa fasihi akisikia kauli inarudi mahali palepale kila mara, hushuku kwamba kuna kanuni ya utanzu. Hadithi huanza na "hapo zamani za kale". Lalamiko la mama huisha na "lakini". Ukiiondoa, wasikilizaji hukuangalia kama mtu aliyeanza kusimulia hadithi akaikatiza katikati. Watakusubiri uimalize. Usipoimalizia, watakumalizia wao: "Lakini mtoto ni baraka, dada yangu."

Kwa hiyo si kweli kwamba kina mama wamekatazwa kulalamika. Wanalalamika sana, na hulalamika kwa ucheshi. Kanuni isiyoandikwa inahusu kitu kingine, yaani lalamiko linaruhusiwa kufika wapi. Usiku unaruhusiwa. Mwili unaruhusiwa. Mama mkwe anaruhusiwa, kutegemea nani amekaa karibu. Ukianza kuyataja maamuzi yako mwenyewe, benchi linapoa. Sema umemwanzishia mtoto uji akiwa na miezi minne. Sema ulichagua kisu bila daktari kukulazimisha. Sema mtoto anashinda na dada wa kazi tangu saa kumi na mbili asubuhi, na kwamba ukiwa kazini humkumbuki kila dakika. Makosa hayo yanasameheka ukiyatolea maelezo. Kauli moja tu haina maelezo ya kuiokoa: ningejua, nisingezaa.

Kabla ya kufika kwenye kauli hiyo, tufanye hesabu kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya kanuni hizi husimama juu ya hesabu isiyokubali. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya mwanzo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapewa siku 3. Siku 84 ni wiki 12. Miezi 6 ni kama wiki 26. Kwa wiki 14 zinazobaki, sheria inampa mama muda wa kunyonyesha usiozidi saa mbili kwa siku ya kazi, saa ambazo zinaweza kuishia kwenye daladala kama nyumbani ni Mbagala na kazini ni Mwenge. Hapo namzungumzia aliyeajiriwa kwa mkataba. Mama ntilie hana hata siku moja ya kulipwa.

Benchi linajua kabisa nani ameanza kutoa uji mapema. Haliulizi nani aliandika siku 84, wala baba wa siku 3 yuko wapi. Ndivyo kanuni hizi zinavyofanya kazi: zinachukua pengo lililoachwa na sheria, mwajiri na mume, na kuligeuza kuwa swali kuhusu tabia ya mwanamke mmoja.

Vitabu navyo husomwa na benchi lilelile. Mwaka 2001 mwandishi wa Uingereza Rachel Cusk alichapisha A Life's Work, kumbukumbu za mwaka wake wa mwanzo kama mama. Ndani yake hakuna ukatili wowote. Kuna mtoto anayelia kwa colic, kuna kunyonyesha, kuna mwanamke anayeona kwamba mtu aliyekuwa zamani ameondoka na hajaaga. Kilichokosekana ni ile "lakini". Cusk hakuifunga sura kwa kushukuru. Mwaka 2008 aliandika katika gazeti la Guardian jinsi alivyopokelewa: aliambiwa anachukia watoto, ni mbinafsi, anawaza mno. Na waliomshambulia vikali zaidi walikuwa wanawake.

Nina shaka zangu na kitabu chake. Ni kitabu cha mtu mwenye nafasi: mwenzi wake aliacha kazi ili alee, na yeye akakaa kuandika. Mwanamke wa Tandale akikisoma anaweza kuguna, na ana haki. Lakini hiyo ni hoja ya kitabaka, na wengi wa waliomkaripia Cusk hawakuitumia. Hawakusema alikuwa na msaada mwingi. Walisema hampendi mtoto wake. Walihamisha mjadala kutoka kwenye alichokiandika hadi kwenye moyo wake, mahali ambapo hakuna ushahidi unaoweza kumtetea.

Mwanasosholojia wa Israeli Orna Donath alikwenda mbali zaidi. Alihoji wanawake 23, umri wao kati ya miaka 26 na 73, watano kati yao wakiwa tayari ni bibi. Swali lake kuu, kwa maneno yangu, lilikuwa hili: kama ungeweza kurudi nyuma ukiwa na ujuzi ulio nao leo, ungekuwa mama? Wote walijibu hapana. Makala yake ilipotoka mwaka 2015, Ujerumani ilichachamaa kwa mjadala uliodumu miezi, kisha kikafuata kitabu, ambacho kwa Kiingereza kinaitwa Regretting Motherhood.

Ukisoma kauli za wanawake hao utakuta "lakini" ipo, ila imehamishwa. Kwenye benchi husemwa: nimechoka, lakini nampenda. Wanawake wa Donath walisema: nampenda, lakini ningerudi nyuma nisingezaa. Maneno ni yaleyale, mpangilio tu ndio umegeuka, na kauli ya pili haivumiliki. Donath anasisitiza tofauti ambayo wakosoaji wake wengi waliiruka: kujutia umama si kumjutia mtoto fulani mwenye jina na sura. Wengi wa wanawake hao walikuwa wanalea vizuri na kwa mapenzi. Walichokikataa ni nafasi waliyowekwa.

Kiswahili kinanichekesha hapa. Tunasema majuto ni mjukuu. Lugha yetu ilishakubali kwamba majuto ni ya ukoo, yanakuja kukaa sebuleni wakati nywele zimeota mvi. Imeyapa majuto nafasi ya mjukuu, ila haijawapa wazazi wake ruhusa ya kuyataja kwa jina.

Hata hivyo, mama kuzungumza si jambo geni kwetu. Mojawapo ya tungo tunazozienzi kuliko zote ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 huko Siu, kisiwani Pate, na mama mgonjwa kwa ajili ya binti yake, Mwana Hashima. Tunaufundisha kama orodha ya wajibu wa mke, na wajibu umejaa kweli. Lakini tazama anavyoanza. Anamwita binti asogee na wino na karatasi, anamwambia maradhi yamemshika mwaka mzima bila kupata nafasi ya kumwambia neno jema. Baadaye anamfundisha amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema. Wapo wahakiki walioisoma sehemu hiyo kama kejeli, wengine wanaichukua kama ilivyo. Mimi navutiwa na kitu kidogo zaidi: mama alihitaji kukaribia kifo ili aone kwamba ana ruhusa ya kumkalisha binti yake na kusema mfululizo. Na hata hapo, aliyosema kuhusu nafsi yake ni machache.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya upande wa pili, kwa sababu ipo. Mtoto atasikia. Mtoto atakua, atasoma. Mwanamke anayesema "ningejua, nisingezaa" anasema mbele ya mtu ambaye hakuomba kuzaliwa. Kanuni ya ukimya, wanasema watetezi wake, inamlinda mtoto.

Hapa siwezi kuhakiki kama mtu wa nje, maana mtoto huyo ni mimi. Mama yangu alifukuzwa shule mwaka 1997, akiwa kidato cha tatu, kwa sababu ya ujauzito wangu. Ilikuwa kawaida, na iliendelea kuwa kawaida mpaka Novemba 2021, serikali ilipotangaza kwamba wasichana waliojifungua wanaweza kurudi kwenye shule za umma. Miaka 24 ilikuwa imepita. Alitaka kuwa nesi. Nilipopata nafasi ya uzamili nilimpelekea habari, akafurahi, akapika. Jioni tukichagua mchele aliniambia, bila kuinua macho: "Mimi ningeambiwa nichague tena, ningemaliza shule kwanza. Wewe ungekuja baadaye, au usingekuja." Nilisubiri ile "lakini". Haikuja. Nikamwambia, "Nimekuelewa, mama." Akasogeza ungo wake.

Iliniuma, sitaki kujifanya. Kwa siku kadhaa niliibeba kama kokoto kwenye kiatu. Kisha nikaanza kuona ilichonipa. Miaka yote nyuma, kila mama alipotaja shule, aliongeza, "lakini nikakupata wewe." Ilikuwa kauli ya upendo, na ilinifanya niwe fidia. Kila mtihani wangu ulikuwa unalipa mtihani ambao yeye hakuufanya. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa yanahesabiwa mara mbili, kwangu na kwake. "Lakini" iliyotakiwa kunilinda ilikuwa imenikabidhi deni. Siku ile alipoiacha, aliniambia kwamba shule yake ilikuwa hasara kamili, isiyolipika na mimi wala na mtu mwingine, na kwamba kunipenda kwake lilikuwa jambo tofauti, alilolifanya kila siku kwa miaka yote hiyo bila kutegemea hesabu hiyo itoke sawa.

Sisemi mtoto wa miaka sita aambiwe. Mtoto mdogo hawezi kutenganisha umama na yeye mwenyewe, na hapaswi kubebeshwa kazi hiyo. Lakini kanuni tuliyo nayo haisemi "subiri akue". Inasema kamwe, na inasema hivyo hata mama kwa mama, kwenye benchi ambako watoto wote wanaosikia hawajajua kuketi. Hapo mtoto halindwi. Kinacholindwa ni picha, na siku 84 zinabaki 84.

Ndiyo maana, katika vitabu vyote hivi, naona aliyeelewa jambo hili vizuri kuliko wote ni Buchi Emecheta, katika riwaya yake The Joys of Motherhood ya mwaka 1979. Emecheta alikuwa Mnaijeria aliyehamia London mwaka 1962, akazaa watoto watano kabla ya kutimiza miaka 23, akawalea peke yake baada ya kuachana na mume aliyechoma mswada wake wa kwanza. Kichwa cha riwaya kinatoka kwenye maneno ya mwisho ya Efuru ya Flora Nwapa, ya mwaka 1966, na ni kejeli kuanzia jalada.

Riwaya inaanza Lagos mwaka 1934, Nnu Ego akikimbilia daraja ili ajitupe majini. Watu wanamzuia, wanamkaripia. Wanapojua kwamba kichanga chake kimekufa, hasira inakwisha: sasa wanaelewa, kwa sababu mwanamke asiye na mtoto, kwao, ameshindwa. Ukitaka kuona kanuni isiyoandikwa ikifanya kazi, isome sehemu hiyo taratibu. Hakuna mhusika mwovu. Watu wema wanamwokoa mwanamke asife, na papo hapo wanakubaliana na sababu iliyomfanya atake kufa.

Kisha Nnu Ego anapata watoto, wengi, wakiwemo wana wa kiume. Anauza kuni na sigara ili wasome. Wawili wanakwenda ng'ambo, mmoja Marekani, mwingine Canada. Yeye anakufa usiku mmoja kando ya barabara, bila mtoto wala rafiki wa kumshika mkono. Watoto wanarudi kumfanyia mazishi makubwa na kumjengea mahali pa kutambikia, ili wanawake wasiozaa waje kumwomba watoto.

Wanakuja, wanaomba, na Nnu Ego hawapi. Watu wanaanza kusema alikuwa mwanamke mbaya hata baada ya kufa, maana alipata kila kitu ambacho mama anaweza kukitaka. Emecheta hamtetei na hamfanyi aeleze. Anamwacha akatae, na kwa mara ya kwanza katika kitabu kizima hakuna anayeweza kumwongezea "lakini".