Acha Kungoja Watu Nje ya Archives, Ingia Ndani!

Rafiki yangu, weka hiyo simu chini, kaa nikueleze, hapana, usikae, vaa viatu twende mjini sasa hivi! Vidole bado vinaniwasha kwa vitu nilivyotamani kuvigusa nikakatazwa, kichwa kimejaa shanga na vinyago na rangi, nazungumza peke yangu kwenye matatu watu wananiangalia, na sitatulia, nakwambia sitatulia kabisa, mpaka na wewe ukaone.

Archives unaijua. Nani Nairobi hii asiyeijua? Jina lake rasmi ni refu, Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, lakini kwetu ni "nitakupata hapo Archives" na basi. Unasimama nje, sanamu ya Tom Mboya hapo karibu, mhubiri ana kipaza sauti, muuza chaja anakushika mkono, na yule unayemngoja amekuambia yuko Ngara "anashuka tu" tangu saa nzima iliyopita. Sasa sikia: nyuma ya mgongo wako, hatua chache mno, ndani ya kuta za benki ya zamani iliyojengwa mwaka 1906, kuna jumba zima la sanaa ya Afrika! Ghorofa ya chini! Kiingilio kidogo mno! Na sisi tumekuwa tukiegemea ukuta wake tukila mahindi ya kuchoma.

Unaingia, na kelele za Moi Avenue zinakatika. Kwanza inakuja harufu, ya mbao kavu, ya ngozi, ya vitu vilivyoishi siku nyingi. Halafu macho yanazoea na, wee! Uso unakutazama. Uso wa mti, mrefu, mweusi, wa kutisha na wa kuchekesha kwa mpigo mmoja, una matundu tu mahali pa macho lakini nakuapia umekuona vizuri sana. Unageuka, kuna mwingine. Unarudi nyuma, nusura umgonge wa tatu. Vinyago vya Afrika Magharibi vyenye mashavu yaliyochongwa laini laini, silaha za kale, mapambo ya shingo mazito ambayo ukiyatazama tu shingo yako yenyewe inanyooka, na ngoma, jamani ngoma! Ngozi imekazwa hasa, unatamani uigonge kwa kidole kimoja, kimoja tu, nani atajua? Nilitia mikono mfukoni kwa usalama wa taifa. Na bado! Ghorofani kuna picha za historia ya nchi, lakini mimi nilichelewa kupanda kwa sababu sikuweza kubanduka pale chini. Kila nikisema naondoka, kitu kinanivuta shati.

Na vyote vile vilikusanywa na nani? Mtu mmoja! Joseph Murumbi, baba Mgoa, mama Mmaasai, makamu wa pili wa rais wa Kenya, mwaka 1966, akakaa kwenye kiti hicho miezi michache tu kisha akajiuzulu. Wengine wakitoka serikalini hutoka na mashamba. Huyu alikuwa na wazimu mtamu wa kukusanya vinyago, nguo, vito, hata stempu za barua, na vitabu zaidi ya 8,000. Mkusanyiko wake mkubwa, pamoja na nyumba yake ya Muthaiga, ulienda kwa serikali miaka ya 1970, kwa matumaini kwamba nyumba ile ingekuwa taasisi ya kusoma mambo ya Afrika. Nyumba ilikuja kubomolewa. Hapo nilinyamaza kidogo, kisha nikatazama tena vile vinyago na kusema asante Mungu, angalau hivi viko, na viko mjini, mahali ambapo hata mtu wa mkokoteni anaweza kuingia akatoka ameshangaa. Mtu akikuambia sanaa ni ya watu wa Karen na glasi za mvinyo, mwache na glasi yake.

Subiri, usiende nyumbani! Shika Kenyatta Avenue, nyoosha moja kwa moja mpaka Uhuru Highway. Unapaona Nyayo House, pale tunapochomwa na jua tukitafuta pasipoti? Kando yake kuna kijengo kifupi cha mawe, kizuri ajabu, ambacho umekipita bila kukigeukia. Hicho ndicho Nairobi Gallery! Kilijengwa mwaka 1913, kikawa ofisi ya mkuu wa mkoa, na watu waliandikisha humo vizazi, ndoa na vifo. Umbali wa kutoka Nairobi kwenda kokote ulikuwa ukipimwa kuanzia hapo, yaani ukisimama mlangoni umesimama kwenye sifuri ya nchi. Mimi nilisimama makusudi, nikahesabu safari zangu zote, nikacheka peke yangu, askari wa mlangoni naye akacheka.

Ndani kuna ukumbi wa pembe nane wenye kuba juu, na ukiinua shingo unasikia kizunguzungu kitamu. Huku Murumbi yupo tena, safari hii kwa upande wa nyumbani zaidi, yeye na mkewe Sheila na rafiki yao Mmarekani, Alan Donovan, ambao walianzisha pamoja jumba la sanaa la African Heritage mwanzoni mwa miaka ya 1970. Na vitambaa, ee mama! Nguo zilizofumwa kwa mkono, rangi zinagombana na bado zinapendana, nyuzi nene nene ambazo unazihisi kwenye vidole hata kabla hujazikaribia. Vito vya fedha, vya shaba, vya mfupa, shanga kubwa za kaharabu za manjano zinazokufanya umeze mate. Nilikuwa pale kama mtoto aliyefungiwa dukani usiku. Vyumba ni vidogo, na huo ndio utamu wake: hakuna kutembea mpaka miguu iume, kila kitu kiko karibu na pua yako, unapumua, kioo kinaingia ukungu, unafuta kwa kiko cha mkono, unaendelea. Na bado!

Na bado, kwa sababu kuna kituo cha tatu, na hiki ndicho kilichonimaliza. Panda matatu ya Parklands, shuka City Park. Naam, City Park ya kima! Wamejaa, hawana adabu hata chembe, njugu zako hesabu zimekwenda. Pita miti mikubwa mpaka makaburini, na hapo utamkuta Murumbi mwenyewe, amelala na Sheila wake, si mbali na rafiki yake Pio Gama Pinto, aliyepigwa risasi Februari 1965. Na kumzunguka, chini ya anga, bila kioo, bila kamba: sanamu! Kubwa! Za wasanii aliowapenda, Waganda Francis Nnaggenda na Expedito Mwebe wamo, na Elkana Ong'esa wetu wa Kisii, yule ambaye kazi yake imefika hadi makao makuu ya UNESCO kule Paris. Ndege wa Ong'esa anatoka ndani ya jiwe, anajikamua, anahangaika, unasimama pale unamsaidia kwa mabega.

Na unamgusa! Baada ya kutwa nzima ya mikono mfukoni, nilimgusa, rafiki yangu! Upande wa jua jiwe lina moto wa mchana, ukizunguka upande wa kivuli ni baridi, baridi ya mtungi, na kiganja kinapita kwenye mikwaruzo ya patasi halafu ghafla, laini. Nikarudia. Nikafumba macho nikarudia tena. Kima mmoja alikuwa juu ya tawi ananitazama kwa dharau kubwa, na mimi sikujali hata kidogo. Ukinilazimisha nichague kimoja katika vitatu, nachagua hiki bila kupepesa, Archives ya pili, na Nairobi Gallery usinigombeze, naipenda, ni vile tu haikuniruhusu kuishika.

Kwa hiyo Jumamosi, sawa? Asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Vaa viatu vya kutembea, njugu ufiche. Tutakutana Archives, ila safari hii ukifika kabla yangu usinisubiri nje, ingia, nitakukuta umeganda mbele ya kinyago. Jumapili tutafute njia ya kwenda kwenye nyumba ya huyo Donovan, ile ya African Heritage inayotazama mbuga ya wanyama ya Nairobi, kuta zake zimeiga misikiti ya udongo ya Mali na nyumba za Waswahili wa pwani, ndani imejaa vitu mpaka dari, na ukitoka nje kwenye roshani unaona twiga, na bado!