Stara ya Malenga

Mwaka 1970 Eric Clapton alitoa wimbo "Layla", na kisa chake kimesimuliwa sana: alikuwa amempenda Pattie Boyd, mke wa rafiki yake George Harrison. Jina la bibi huyo halimo wimboni. Clapton aliazima jina kwa Nizami, mshairi wa Kiajemi aliyetunga kisa cha Layla na Majnun katika karne ya 12, akajisitiri nalo. Wapenzi wa roki huona ni jambo la ajabu. Kwa watunzi wa Mombasa, hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Mapenzi yakimzidi mtu naye hana kipawa cha kutunga, humwendea malenga akamweleza yaliyomsibu. Malenga husikiliza, huuliza mawili matatu, kisha huitia habari ile ndani ya ua, ndege, au chombo kilichokosa bandari. Jina hamna, mtaa hamna. Lakini aliyekusudiwa, akiusikia wimbo harusini katika mtaa wa Kuze au Kibokoni, hujua mara moja kwamba anaambiwa yeye, na jirani aliyeketi ubavuni pake huendelea kutikisa kichwa kwa utamu wa lahani. Kumfikia mmoja bila kumfedhehesha mbele ya mia: mimi sijui ufundi wa maneno unaoshinda huo.

Ukiuliza Mji wa Kale wa Mombasa, hutakawia kutajiwa Ustadh Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye diwani yake, Malenga wa Mvita, ilitoka 1971. Mashairi yake mengi yaliimbwa na jamaa yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, mzaliwa wa Malindi aliyefariki 2014. Mohamed Juma Bhalo alizipenda lahani za filamu za Kihindi, akayaimba mashairi kwazo, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu. Shairi letu lililozoeleka lina mizani 16 kwa mshororo, minane ukwapini na minane utaoni, ilhali lahani ya Bombay haikutungwa kwa hesabu hiyo. Sauti ndefu ikiangukia silabi isiyobeba kitu, maana humwagika. Lazima neno lenye uchungu likae pale harmoniamu inapovuta. Msikilize Bhalo anavyoirefusha irabu ya kina cha kati, akaishikilia mpaka ukadhani pumzi imemwishia, kisha akaiachia ili kipande cha pili kiingie. Watu husema alikuwa akilia. Alikuwa akilia kwa vina na mizani, na ndiyo maana kilio kile hakichoshi.

Zein l'Abdin, aliyetoka Lamu, alishika njia nyingine. Yeye alikuwa bingwa wa udi, na mashairi mengi aliyoyaimba aliyapata kwa Sheikh Ahmed Nabhany wa Matondoni. Kwake udi hutangulia kusema, bila pupa, hata neno la kwanza likija moyo umeshatulia.

Desturi hii ni kongwe. Muyaka bin Haji, malenga wa Mvita wa karne ya 19, alitunga ya vita na ya mapenzi pia. Beti zake zilitufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizihifadhi na Mwingereza Taylor akazikusanya. Siri nyingi zilizokuwa nyuma ya beti hizo zimekwenda na wenyewe, na utamu haukupungua hata chembe. Siku hizi msanii hutangaza redioni wimbo ni wa nani hata kabla haujaimbwa. Naona ni hasara: msikilizaji hanyimwi siri tena, bali hunyimwa nafasi ya kuutia wimbo mambo yake mwenyewe.

Lakini stara ni haki ya aliyependwa, si ya aliyetunga. Kanda nyingi za harusi zimeandikwa jina la mwimbaji tu. Ewe uliye nazo kabatini, wasikilizishe wazee wangali hai, uwaulize shairi ni la nani, ukaliandike jina la malenga juu ya kila kanda.