Sam Ntiro na Kijani cha Machame

Unapotajwa uchoraji unaotetea maumbile ya Afrika Mashariki, aghalabu hukumbukwa picha ya tembo, na nyuma yake theluji ya Kilimanjaro. Binadamu hayumo. Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923, aliuchora mlima huo huo akiwa mwana wa mlimani: migomba, mibuni, ng'ombe na watu kazini. Kwa sababu hiyo jina lake halihesabiwi miongoni mwa wachoraji wa uhifadhi, na hapo ndipo penye kosa.

Ntiro alisoma Makerere kwa Margaret Trowell, akafundisha huko huko, kisha akajiunga na Chuo cha Slade, London, 1952 hadi 1955. Mwaka 1953 kilichapishwa kitabu chake kwa Kiswahili, *Desturi za Wachagga*. Kitabu hicho na picha zake ni ndugu: vyote viwili vyaweka kumbukumbu. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea biarusi pombe ya ndizi usiku, ilinunuliwa mwaka 1960 na Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.

Watu wa Ntiro ni wadogo, na nyuso zao aghalabu hazina sura. Apimaye kwa kanuni za Ulaya huona udhaifu wa mkono. Akijuaye kihamba cha Wachagga huona jingine: juu miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi. Humo binadamu ni tabaka moja tu, naye mchoraji amempa kadiri yake. Mandhari hayo hurejea picha baada ya picha, kama kibwagizo: kila ubeti una jambo lake, kituo ni kile kile.

Sifa, hata hivyo, isipite kiasi. Vihamba hugawanywa kwa watoto, na mlima hauongezeki. Wengi wamelazimika kushuka tambarare au kwenda mijini. Katika kijiji cha Ntiro hakuna ugomvi wa mpaka wala kijana aliyekosa shamba. Yeye mwenyewe aliishi mbali nacho: balozi mjini London 1961 hadi 1964, baadaye Kamishna wa Utamaduni na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kile ni kijiji cha akumbukaye, si cha agombaniaye ardhi.

Ntiro alifariki mwaka 1993. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilivitambua vihamba vya Shimbwe Juu, katika mlima huo huo, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Turubai zake zilikwisha kusema hayo nusu karne nyuma. Hifadhi ya tembo humtaka mtu akae nje. Picha za Ntiro zinauliza: msitu uliopandwa na watu, wakiondoka, utalindwa na nani?