Maji Machafu Yakipita Mchangani

Jaza mchanga wa mto kwenye chupa ya lita moja, kisha mimina maji polepole mpaka yafike juu. Kisha toboa kitako: yakitoka mililita 300 hivi, hapo panafaa bwawa la mchanga, yaani ukuta mtoni unaoshika maji ndani ya mchanga. Yakitoka kidogo tu, umechota tope.

Mabwawa haya yamejaa Kitui na Makueni, Kenya. Shirika la SASOL limejenga mamia Kitui tangu miaka ya 1990, na Utooni, kikundi alichokianzisha Joshua Mukusya mwaka 1978, kimeyaeneza Machakos na Makueni. Kazi hufanywa na mwethya: wenyeji huleta mawe, mchanga na nguvu zao, shirika huleta saruji na fundi.

Ukuta husimamishwa juu ya mwamba, mabawa yake yakaingia ndani kabisa ya kingo, la sivyo mto hujitafutia njia ya pembeni. Mafuriko yakija, mchanga mzito hutua nyuma ya ukuta, tope jepesi likavuka na maji. Ukuta ukiinuliwa mrefu mno kwa mkupuo mmoja, maji hutulia na tope nalo hutua, ukabaki na bwawa la matope. Ndiyo maana wengine huuinua kidogo kidogo, msimu baada ya msimu. Ni hesabu nzuri kwenye karatasi, ila kuita mwethya upya kila baada ya mvua si mchezo. Penye mto wenye mchanga mwingi, sioni ubaya wa kumaliza mara moja.

Maji yakishuka sentimita 60 chini ya mchanga, jua huyapata kwa sehemu ndogo sana, kama moja ya kumi ya yale yanayokauka kwenye bwawa la wazi. Na wanaolalamika huko chini ya mto kwamba wananyimwa maji wajue kwamba ukuta hushika asilimia chache tu ya maji ya msimu.

Kuhusu usafi wa maji hayo, sifa za mchanga zimezidi kipimo. Ni kweli mchanga huchuja: mwaka 1892 kipindupindu kiliiangamiza Hamburg. Altona jirani, iliyochota maji ya mto uleule wa Elbe baada ya maji taka ya Hamburg kuingia, ilinusurika kwa kiasi kikubwa kwa sababu iliyachuja kwenye mchanga. Lakini mchanga wa machujio ya namna ile ni laini, maji hupita taratibu, na juu yake huota utando wa vijidudu unaofanya kazi kubwa. Mchanga wa Kitui unasifiwa kwa ukubwa wa chembe, maana hutoa maji upesi. Chembe zilezile kubwa huchuja kwa ulegevu. Kinachookoa ni umbali na muda ambao maji husafiri humo.

Umbali huo hufutwa na shimo la mchangani. Mama anapiga magoti, anachota kwa kata mpaka mtungi ujae. Hatua tatu nyuma yake punda anasubiri zamu, na kinyesi chake kimelowa palepale. Choo cha shimo kikichimbwa kwenye ukingo juu ya bwawa, nacho hupeleka mchango wake. Kisima kilichofunikwa ukingoni, chenye pampu ya mkono, hukata njia hiyo fupi, mradi mifugo ipewe birika lake mbali na hapo.

Halafu mpira wa ndani ya pampu hukatika, hakuna aliyetengewa pesa za kununua mwingine, na jioni hiyohiyo kata zinarudi mtoni.