Kazi ya Nyumbani Isiyotoka Nje

Tumezoea kuona uhakiki ukielekezwa kwenye riwaya, tamthilia na ushairi. Somo la chuoni huachwa, kana kwamba liliota lenyewe kama nyasi. Lakini somo nalo ni kazi iliyotungwa. Lina mwanzo na mwisho, lina mambo liliyoyachagua na mambo liliyoyaacha, tena lina mtu liliyemkusudia. Kwa hiyo si dhambi kuliuliza maswali yale yale tunayokiuliza kitabu: linasema nini, linamwambia nani, na linamwacha wapi.

Somo ninalolihakiki hapa ni utangulizi wa falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, kama linavyofundishwa katika vyuo vya Marekani. Na hasa nitaitazama ile sehemu yake inayofanywa nyumbani kwa njia ya intaneti. Nililisoma muhula mmoja, Januari hadi Mei, katika chuo kidogo cha jimbo la Minnesota, nikiwa mtu mwenye mvi miongoni mwa vijana. Wengi wetu hatukuwa na nia ya kuwa wanasayansi. Mmoja alisomea uhasibu, mwingine uuguzi, na wengine walitaka tu kutimiza sharti la chuo la kusoma walau somo moja la sayansi. Ndivyo lilivyo somo hili nchini humo. Makadirio yaliyotolewa miaka ya nyuma yalisema kwamba karibu wanafunzi 250,000 hulisoma kila mwaka, na kwa wengi wao ndilo somo la mwisho la sayansi maishani. Basi hapo ndipo penye uzito. Atakachoondoka nacho mwanafunzi huyu juu ya maana ya kujua jambo kisayansi, ndicho atakachowafundisha watoto wake.

Kazi ya nyumbani ya kompyuta si jambo la jana. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kilianza kutumia programu iliyompa kila mwanafunzi wa fizikia namba zake mwenyewe, na mwaka 1997 programu nyingine ya aina hiyo ilizaliwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina. Tangu hapo zimeenea kila mahali. Utaratibu wake ni mwepesi. Unafungua ukurasa, unasoma swali, unaandika jibu, na papo hapo unaoneshwa alama ya kijani au nyekundu. Ukikosea unapewa dokezo na nafasi nyingine. Ikifika dakika moja kabla ya saa sita ya usiku wa siku iliyopangwa, mlango unafungwa.

Nianze na sifa, maana anastahili kupewa haki yake hata asiye na roho. Kompyuta ina subira ambayo wengi wa walimu wangu wa utotoni hawakuwa nayo. Haikunji uso, haikuchekelei mbele ya wenzako, wala haiulizi ulikuwa wapi jana. Darasani kwetu walikuwamo watu waliolea wazee usiku kucha katika nyumba za kutunzia wagonjwa, wakafanya zoezi lao saa tisa za usiku, kwa lugha iliyokuwa ya tatu au ya nne kwao. Mwalimu gani angeliwasubiri saa hizo?

Tena yako mambo ambayo mazoezi haya huyafundisha vizuri sana. Chukua kanuni ya Johannes Kepler aliyoitangaza mwaka 1619. Sayari ikiwa mbali na jua mara nne kuliko dunia, huchukua miaka minane kulizunguka. Kwani 4 mara 4 mara 4 ni 64, na 8 mara 8 ni 64 vilevile. Ukipewa namba nyingine, kisha nyingine tena, mara ya tano unaanza kuona kwamba hiyo si hesabu ya shuleni tu. Mbingu kweli ina mpangilio, na mpangilio huo unaweza kuandikwa kwenye kipande cha karatasi. Hilo nililipata kwenye kompyuta, na sitalikana.

Sasa nije kwenye lawama. Ya kwanza ni ndogo, lakini inafungua njia ya nyingine. Maswali mengi yana majibu manne ya kuchagua, na mwanafunzi hupewa nafasi tatu. Fanya hesabu mwenyewe. Mtu asiyejua lolote, akibahatisha bila kurudia jibu lililokataliwa, atapata mara tatu katika kila nne. Rangi ya kijani itawaka, naye ataamini kwamba amejifunza. Na tangu mwishoni mwa 2022, zilipoanza kuenea programu zinazojibu swali lolote kwa sentensi nzuri, hata kubahatisha kumekuwa kazi ya bure.

Lawama ya pili ni nzito zaidi: zoezi linajua kwamba jibu si sahihi, lakini halijui kwa nini. Mfano mashuhuri ni majira ya mwaka. Mwaka 1987 ilitolewa filamu iitwayo A Private Universe, ambamo watu 23 wa Chuo Kikuu cha Harvard, wahitimu na wahadhiri miongoni mwao, waliulizwa juu ya sababu ya majira au ya kubadilika kwa umbo la mwezi. Watu 21 kati yao walionesha kwamba hawakuelewa. Aghalabu mtu hudhani kwamba kiangazi huja kwa sababu dunia imelisogelea jua. Ukweli ni kwamba mhimili wa dunia umeinama kwa nyuzi 23 na nusu hivi, na upande ulioelekea jua ndio unaopata siku ndefu na miale iliyosimama.

Sasa mtazame kijana wa Minnesota aliyekosea hapo. Kosa lake linakanushwa na theluji iliyo mlangoni kwake, kwa kuwa dunia huwa karibu kabisa na jua mwanzoni mwa Januari, kilomita milioni 147, na mbali kabisa mwanzoni mwa Julai, kilomita milioni 152. Kisha mtazame kijana wa Dar es Salaam. Yeye maisha yake yote Januari ni joto na Julai ni kipupwe. Maelezo potofu yanaafikiana na kila alichokiona! Makosa mawili yanayofanana kwa sura, lakini yametoka njia mbili tofauti, na kila moja lataka dawa yake. Kompyuta huyapa yote mawili alama nyekundu ile ile na dokezo lile lile. Mwalimu wa kweli angeuliza kwanza: wewe mwenzetu umetoka wapi?

Lawama ya tatu ilinifikia kwa kinywa cha mwenzangu. Alikuwa binti wa Bukavu aliyesomea uuguzi, akiniita papa kama desturi ya kwao ya kumheshimu mtu mzima. Swali lilitutaka tuchague picha ya mwezi kama unavyoonekana jioni, siku tatu baada ya kuandama. Picha moja ilionesha mwezi umesimama, nuru ikiwa kulia. Nyingine nuru ilikuwa kushoto. Ya tatu ilionesha mwezi umelala chali, pembe zake mbili zikitazama juu kama mtumbwi. Binti alichagua mtumbwi, akapata nyekundu. Akanijia kabla ya kipindi, akasema kwa upole, "Papa, mimi niliuona mwezi huo tangu utoto, juu ya ziwa. Nimekosea nini?"

Hakukosea kitu. Karibu na ikweta mwezi mchanga hulala karibu chali, na kila aliyewahi kusimama ufukweni akiutafuta mwezi wa Ramadhani anajua. Picha za vitabuni huwekwa kaskazini ikiwa juu, jambo linalomfaa mchoraji, wala hilo si kosa. Kosa ni kuuliza "unavyoonekana" bila kusema ni wapi na lini. Tena ajabu ni kwamba jibu "sahihi" halikuwa sahihi hata juu ya paa la chuo chenyewe. Huko Minnesota, karibu nyuzi 45 kaskazini ya ikweta, mwezi mchanga husimama na nuru yake kulia katika jioni za Septemba. Katika jioni za Machi huinama sana, nuru ikawa upande wa chini na kuegemea kulia kidogo tu. Na sisi tulikuwa tunasoma Machi. Mtu yeyote angalitoka nje jioni ile angaliona kwamba mtumbwi wa Bukavu ulikaribia ukweli kuliko picha ya kijani.

Mhadhiri wetu alikuwa mwungwana. Alipoelezwa alichukua tufe la dunia, akaligeuza kichwa chini, akafundisha kwa robo saa, na hicho ndicho kipindi ninachokikumbuka kuliko vyote. Alama ikarudishwa kwa mkono. Swali lenyewe lilibaki pale pale, likimsubiri mgeni wa mwaka unaofuata. Si alama ninayoililia. Mtu anayeambiwa kwamba alichokiona kwa macho yake ni kosa, asielezwe sababu, anajifunza kutoamini macho yake. Somo la sayansi likifundisha hilo, limejipinga lenyewe.

Lawama ya nne inahusu hakika. Zoezi la paralaksi lilitutaka tukokotoe umbali wa nyota kutokana na jinsi inavyoonekana kusogea dunia inapolizunguka jua, na jibu lilikubaliwa likiwa ndani ya asilimia mbili. Ni vizuri kujifunza usahihi. Lakini kuna habari ambayo zoezi halikuigusa. Kundi la nyota tunaloliita Kilimia lilipimwa na chombo cha Ulaya kiitwacho Hipparcos, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1997 yaliliweka chini kidogo ya miaka ya nuru 390. Njia nyingine zilisema zaidi ya 430. Wataalamu wakabishana kwa miaka mingi. Mwaka 2014 vipimo vya darubini za redio vilitoa takriban 444, na baadaye chombo cha Gaia kikaunga mkono upande huo. Tofauti ilikuwa zaidi ya asilimia kumi, baina ya watu mahiri wenye vyombo vya fahari. Hiyo ndiyo sayansi: ubishi wenye adabu, unaomalizwa kwa kupima tena. Mwanafunzi aliyeona kijani na nyekundu tu atadhani kwamba majibu yalikuwa yameandikwa tangu mwanzo nyuma ya kioo.

Na kwa kuwa nimekitaja Kilimia, niseme lililonisikitisha zaidi. Jina lake kwetu hunasibishwa na kulima, na wazee walisema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nusu ya pili ya methali hii inaweza kupimwa na yeyote wa pwani. Mwanzoni mwa Mei, katikati ya masika, Kilimia hupotea magharibi katika mwanga wa machweo; mwezi Juni, kipupwe kikiwa kimeanza, huonekana tena mashariki alfajiri. Darasani tulijifunza umri wa Kilimia, takriban miaka milioni 100, kwa kusoma rangi na mwanga wa nyota zake kwenye mchoro. Ni elimu kubwa, na nafurahi kuwa nayo. Lakini muhula wetu ulikwenda sambamba na safari yake. Januari kilikuwa juu ya vichwa vyetu jioni, Aprili kikawa kinateremka magharibi juu ya uwanja wa kuegeshea magari, na tulipofanya mtihani wa mwisho kilikuwa kimezama. Hakuna zoezi hata moja lililotuambia tuinue macho.

Atakuwapo atakayenijibu kwamba mhadhiri mmoja hawezi kuwatoa nje watu mia moja usiku, katika baridi ya Minnesota, ilhali nusu yao wako kazini. Ni kweli. Lakini sidai darubini wala safari. Nadai karatasi moja: kwa mwezi mmoja, utazame mwezi kila uwezapo, uandike tarehe, saa, upande na umbo. Walimu wengi huliagiza zoezi hili, na anayetoka kazini alfajiri analiweza kuliko anayelala. Yako pia mazoezi ya darasani, kama yale yaliyotungwa na Edward Prather wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake, ambamo wanafunzi wawili wawili hubishana juu ya swali moja. Utafiti aliouongoza, uliochapishwa mwaka 2009 na kuhusisha karibu wanafunzi 4,000 katika vyuo 31, ulionesha kwamba ukubwa wa darasa haukuwa kizuizi. Kilicholeta tofauti ni kiasi ambacho wanafunzi walishirikishwa katika kufikiri. Maana yake, udhuru wa wingi wa watu umekwisha pungua nguvu.

Hukumu yangu basi ni hii. Somo lenyewe ni zuri, na mwenye nafasi ya kulisoma asisite. Siku hizi hata kitabu hakina gharama, kwani tangu 2016 kiko kitabu kizima cha sura 30 kilichotolewa bure na OpenStax ya Chuo Kikuu cha Rice. Kompyuta na ibaki na kazi inayoiweza, ya kukokotoa na kurudia. Ila isipewe kazi ya kusema mwezi unaonekanaje. Kwa hilo kila mwanafunzi ana shahidi wake, na shahidi huyo hupita juu ya nyumba yake bila ada, awe Minneapolis, awe Bukavu, awe Tanga.