Siku Ishirini na Moja Baharini: Ukimya wa Tippu Tip Kuhusu Safari ya Madura

Wasomaji wa wasifu wa Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, hupakumbuka upesi mahali panapoihusu Kisangani: mwaka 1887 msimulizi anakubali kuwa wali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold wa Pili. Ni wachache wanaosita kuuliza alifikaje huko. Mtu aliyezoea kuingia bara kwa miguu kupitia Tabora, mara hii alipelekwa kwenye wilaya yake kwa njia ya bahari. Tarehe 25 Februari 1887 meli iitwayo Madura iling'oa nanga Unguja, ikazunguka ncha ya kusini ya Afrika, na tarehe 18 Machi ikafika Banana, mlangoni mwa mto Kongo. Ni siku ishirini na moja za kukaa. Mwenyewe amezipa maneno machache, na msomaji anayetaka kujua mzee wa misafara alivyoshinda mchana mmoja tu melini haambiwi kitu.

Kusema kwamba baharini hapakuwa na la kusimulia ni jibu jepesi. Jibu la kwanza lenye uzito limo katika sarufi ya masimulizi yenyewe. Nathari ya safari ya karne ya kumi na tisa inasukumwa na kiambishi -ka-: watu wakafika, wakapiga kambi, wakatoa hongo, wakaondoka. Kila kitenzi kinazaa kingine. Ndivyo asimuliavyo pia Selemani bin Mwenye Chande katika Safari za Wasuaheli, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, ambamo siku hupimwa kwa kambi na bei ya chakula. Lakini siku ya mapumziko melini haina tukio, ina mazoea. Mtu huamka, husali, hula, huketi akitazama maji, huzungumza na jirani hadi jua litue. Siku hiyo hudai hu- na -ki-, na viambishi hivyo havisogezi kisa mbele. Msimulizi wa -ka- akikutana na siku ya namna hiyo huiruka.

Hata hivyo sarufi peke yake haitoshi. Lugha iliyoweza kueleza kwa utulivu mapambo ya nyumba na adabu za karamu isingeshindwa na sitaha ya meli. Sababu kubwa zaidi ni kwamba wasifu huu, uliotolewa kwanza na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, una sehemu ndefu za kujitetea. Stanley alikuwa amemlaumu mwenzake kwa kutopeleka wapagazi kwa kikosi cha nyuma kilichoachwa Yambuya, na ugomvi huo ulifika kwenye madai ya kisheria huko Unguja. Katika utetezi, kilicho muhimu ni mapatano: nani aliahidi nini, mbele ya nani, kwa malipo gani. Siku za Madura hazina ushahidi wowote wa kutoa, basi zikaachwa.

Matokeo yake ni ya ajabu kidogo. Anayetaka kumwona Tippu Tip akiwa amestarehe hana budi kwenda kwa mshitaki wake. Katika In Darkest Africa, kilichochapishwa mwaka 1890, Stanley anaeleza jinsi mgeni wake alivyoitazama Cape Town na kukiri kwamba zamani aliwadhani Wazungu kuwa wapumbavu, na sasa anaanza kubadili fikra. Maneno hayo yana chumvi ya mzungumzaji hodari. Huenda ni yake kweli; lakini yamepita katika kalamu ya mtu aliyekuwa na sababu ya kuonyesha mshangao huo, na yamerudi kwetu kwa Kiingereza. Sauti ya Kiswahili ya mazungumzo hayo haipo.

Tena Tippu Tip hakuwa peke yake. Meli ilibeba watu wapatao mia saba, wengi wao wapagazi kutoka Unguja, na miongoni mwao walikuwamo watumwa waliokodishwa na mabwana zao. Stanley anataja ugomvi uliozuka kati yao na askari wa Kisudani saa mbili tu baada ya kuondoka, kwa ajili ya nafasi ya kukaa. Baada ya hapo hawaonekani sana. Lakini kwa hao wapagazi, majuma hayo matatu yalikuwa ya pekee: mzigo haukuwa kichwani. Kuanzia Matadi uliwarudia, na wengi waliopita naye hawakuiona tena Unguja. Kama kuna siku ya raha baharini ambayo fasihi ya Kiswahili ingepaswa kuihifadhi, ni hiyo yao kuliko ya wali.

Jambo hili linaigusa Makiso kwa karibu. Meli zitokazo Kinshasa humaliza hapa mwendo wa zaidi ya kilometa 1,700, kwa kuwa mbele yake maporomoko ya Boyoma hayapitiki. Abiria hupika juu ya matishari, hukausha nguo, husuka nywele, na mitumbwi hujifunga ubavuni meli ikiwa inakwenda ili kuuza samaki na mihogo. Safari hizo zilizokatwa na vita mwaka 1998 na kufunguliwa tena mwaka 2003 zina wasimulizi wengi, ila wa mdomo. Mwanafunzi anayetafuta maandishi hupewa Conrad, aliyefika Stanley Falls mwaka 1890, au Naipaul na riwaya yake ya mwaka 1979. Na kwa Marlow wa Conrad, mto ni kazi ya nahodha anayeviogopa visiki.

Kiswahili kiliingia Kisangani kwa barabara ya mashariki, pamoja na misafara ya akina Tippu Tip, ilhali mtoni inatawala Lingala. Pengine ndiyo maana nathari yake imejua kambi kuliko sitaha. Lakini neno ambalo msafiri wa Kilingala hulitumia kwa meli, masuwa, linafanana mno na mashua ya pwani.