Plagi Imeingia, Servo Inaungua

Kigari kilicholetwa mezani kwangu kilikuwa Tamiya Hornet cha kipimo cha 1:10, muundo uliotoka Japani mwaka 1984. Mwenyewe alikuwa ameiweka kando redio ya zamani ya 27 MHz, ile ya kubadilishia kristali, akanunua rimoti mpya ya 2.4 GHz pamoja na risiva yake. Servo ya usukani aliiacha ileile. Plagi iliingia bila kulazimishwa, taa ikawaka, magurudumu yakageuka kushoto na kulia. Dakika tatu baadaye servo ilikuwa inavuma kama mzinga wa nyuki na haishikiki kwa joto. Kila alipoongeza mwendo huku amekata kona, taa ya risiva ilizimika kwa nukta mbili tatu na gari likajiendea.

"Fundi, risiva mbovu hii," aliniambia. Alikuwa tayari kutoa pesa ya nyingine.

Nilimwomba asubiri. Nilichomoa ufito unaounganisha servo na magurudumu, nikawasha. Uvumi ule ule. Kwa hiyo si chuma kinachokwama kinachoitesa servo, angalau si chuma peke yake. Kisha nikaangalia waya, maana hapo ndipo watu wengi huishia wakaridhika. Futaba hutumia nyeusi, nyekundu na nyeupe. JR hutumia kahawia, nyekundu na chungwa. Rangi tofauti, mpangilio mmoja: hasi, chanya katikati, ishara. Kwa kuwa chanya iko katikati, ukigeuza plagi kwa bahati mbaya mara nyingi servo hukaa kimya tu bila kuungua. Wa kuogopwa ni servo za zamani za Sanwa na Airtronics, ambazo baadhi yake zilibadilishana nafasi ya chanya na hasi. Hizo usizichomeke kabla ya kuhamisha pini. Yetu haikuwa na kasoro hiyo.

Jibu lilikuja nilipounga oskiloskopu ndogo kwenye waya wa ishara. Risiva huiambia servo pa kwenda kwa urefu wa mpigo wa umeme: maikrosekunde 1500 ni katikati, kuelekea 1000 ni upande mmoja, kuelekea 2000 ni upande wa pili. Mapigo niliyoyaona yalikuwa na urefu sahihi kabisa, ndiyo maana usukani uligeuka vizuri na hakuna aliyeshuku kitu. Kosa lilikuwa kwenye nafasi kati ya mpigo na mpigo. Badala ya kuja kila milisekunde 20, yaani mara 50 kwa sekunde, yalikuwa yanakuja kila milisekunde 3, mara 333 hivi kwa sekunde.

Hapa inabidi tuingie ndani ya servo yenyewe. Servo ya analojia kama hii hupokea mpigo, ikaulinganisha na mpigo wake wa ndani unaotokana na mkao wa potenshiometa. Tofauti kati ya hiyo miwili huirefusha mara nyingi, ikawa msukumo wa umeme kwa mota. Tofauti ndogo, msukumo mfupi, kisha mota hupumzika hadi mpigo ujao. Urefushaji huo umepimwa kwa nafasi ya milisekunde 20. Ukiiletea mpigo kila milisekunde 3, msukumo unaijaza nafasi yote na pumziko linatoweka. Kosa la nusu digrii linasahihishwa kwa nguvu zote. Mkono wa servo unapitiliza, unarudishwa, unapitiliza tena upande wa pili. Ule ndio uvumi tuliousikia, na joto ni matokeo yake. Servo ya dijitali haina taabu hiyo, kwa sababu ndani yake kuna kichakataji kinachoamua chenyewe mota isukumwe mara ngapi, hata risiva iseme haraka namna gani.

Dawa yake haikugharimu hata shilingi: kwenye menyu ya rimoti, chaneli ya usukani ilikuwa imewekwa kwenye hali ya kasi, nikairudisha kwenye ya kawaida, nikaoanisha risiva upya. Servo ikanyamaza.

Taa ya risiva, hata hivyo, iliendelea kuzimika, mara chache kuliko mwanzo. Mita ilionyesha volti 5 na ushei wakati wa kukata kona, na mtu angeweza kusema umeme unatosha. Lakini mita ya kawaida hutoa wastani. Oskiloskopu ilionyesha mashimo mafupi yaliyoshuka chini ya volti 3.5, na risiva nyingi za kisasa hapo hujizima na kuanza upya. Redio za zamani zilitetemeka kidogo zikaendelea. Hizi mpya zina kompyuta ndani, na kompyuta ikikatikiwa umeme huanza mwanzo.

Mashimo hayo yalikuwa na sababu mbili. Rimoti ilikuwa inaituma servo mbali kuliko magurudumu yanavyoweza kugeuka, kwa hiyo mwisho wa kona ilisukumana na plastiki kwa nguvu zake zote. Nilipunguza kikomo cha kila upande mpaka ikaacha kusukuma. Sababu ya pili ni kidhibiti mwendo cha bei nafuu, ambacho sehemu yake ya kulisha risiva ilikuwa ya ampea 1 tu.

Wengi hapa huchomeka kapasita ya maikrofaradi 4700 kwenye chaneli iliyo wazi. Inasaidia, nami nimewahi kuitumia, ila ni panadoli: inafukia shimo fupi, haiongezi ampea. Niliweka kipunguza volti cha pembeni cha ampea 3, nikakiseti volti 6, kwa kuwa servo hii si ya kustahimili volti 8.4 za betri ya lipo ya seli mbili iliyojaa. Waya mwekundu wa kidhibiti mwendo niliuchomoa kwenye plagi, nikauzungushia utepe, ili vyanzo viwili visigombane.

Kijana aliuliza kama angenunua tu servo ya dijitali. Nikamwambia, "Ukinunua, mdogo wangu, hesabu kwanza meno ya mhimili." Mkono wa servo aliyo nayo ni wa Futaba, meno 25, Hitec wana 24, Sanwa 23, na huo nao huingia ukilazimishwa.